Mbigili: Mwiba wa Njiani na Nguvu za Kiume

Ndugu msomaji, kama umewahi kutembea pekupeku katika njia ya mchanga wakati wa kiangazi, mbigili unaujua. Huna haja ya kuonyeshwa picha yake. Ulikuchoma kisigino, ukasimama kwa mguu mmoja, ukachomoa mwiba, ukaendelea na safari yako. Kama una baiskeli, umekutobolea tairi. Kama una watoto, umewasikia wakilia njiani wanapotoka shule.

Lakini huenda hujui kwamba mmea huu mdogo unaotambaa umechunguzwa na wataalamu wa nchi nyingi kwa zaidi ya miaka mia moja. Afrika Kusini waliuchunguza kwa sababu ulikuwa ukiua kondoo. Bulgaria, Australia na Brazili waliuchunguza kwa sababu watu walisema unaongeza nguvu za kiume. Siku hizi unga wake na vidonge vyake vinauzwa katika nchi nyingi, na watu wengi wanatoa fedha zao kuvinunua.

Je, maneno hayo ni ya kweli? Na je, mtu anayeona nguvu zake zimepungua afanye nini? Hayo ndiyo tutakayoyatazama katika makala haya. Jambo lenyewe ni la aibu kidogo kulizungumza barazani. Lakini ugonjwa hauoni aibu, na anayeficha maradhi kilio humfichua. Kwa hiyo na tulizungumze.

MMEA WENYEWE

Jina la kitaalamu la mbigili ni Tribulus terrestris. Jina hilo lilitolewa mwaka 1753 na mtaalamu wa mimea wa Sweden, Carl Linnaeus. Neno la kwanza linatokana na silaha ya zamani ya Ulaya: kipande cha chuma chenye ncha nne. Askari walivitupa vyuma hivyo njiani ili farasi wa adui wachomwe miguu. Chuma hicho kilitengenezwa hivi kwamba, kikianguka vyovyote, ncha moja hutazama juu. Mbigili nao ni hivyo hivyo.

Mmea huu huota mvua zinapoanza. Shina lake halisimami. Matawi hutoka katikati na kutambaa juu ya ardhi kila upande, wakati mwingine hufika urefu wa mita moja au zaidi. Majani yake ni madogo madogo, yamepangwa mawili mawili kwenye kikonyo. Ua ni la manjano, lina petali tano. Tunda likikauka hugawanyika vipande vitano, na kila kipande kina miiba migumu. Ndani ya vipande hivyo mna mbegu. Ndiyo kusema, kila mara mwiba unaponasa kwenye kandambili au kwenye tairi, mbigili unapata usafiri wa bure wa kwenda kuota mahali pengine.

WALIOTUTANGULIA WALIUTUMIAJE?

Matumizi ya mbigili kama dawa ni ya siku nyingi. Nchini India huitwa gokshura, na waganga wa huko wameutumia tangu zamani kwa matatizo ya mkojo na mawe ya figo. Mizizi yake ni mmojawapo wa mizizi kumi inayochanganywa katika dawa yao maarufu. Nchini China matunda yake hutumika kwa maumivu ya kichwa, macho na ngozi inayowasha.

Basi, mtu anaweza kusema: "Kama wazee wa India na China waliutumia miaka yote hiyo, mnataka ushahidi gani tena?"

Hilo ni swali zuri. Matumizi ya wazee ni sababu nzuri ya kuuchunguza mmea. Dawa ya malaria inayotumika sana leo ilipatikana kwa njia hiyo, kutokana na mmea ambao Wachina waliutumia kwa homa. Lakini matumizi ya wazee peke yake si uthibitisho. Wazee hawa hawa walitumia pia vitu vingi ambavyo baadaye vilionekana havisaidii, na vingine vilidhuru. Kazi ya uchunguzi ni kutenga kinachofaa na kisichofaa, kama mama anavyopepeta nafaka katika ungo.

NDANI YAKE MNA NINI?

Wataalamu waliposaga mbigili na kuuchunguza, walikuta ndani yake vitu vinavyoitwa saponini. Saponini ziko katika mimea mingi. Ukitikisa maji yenye saponini hutoa povu kama sabuni. Moja ya saponini za mbigili huitwa protodiosini, na hiyo ndiyo wauzaji wengi huisifu.

Sasa sikiliza jambo hili kwa makini. Mwaka 2008 wataalamu walitoa matokeo ya uchunguzi wa mbigili uliochumwa katika nchi mbalimbali, zikiwemo Bulgaria, Ugiriki, Uturuki, Iran, Vietnam na India. Walikuta kwamba mbigili wa Vietnam na wa India ulikuwa tofauti kabisa na ule wa Bulgaria na majirani zake. Baadhi ya saponini zilizokuwamo katika huu hazikuwamo katika ule. Tena kiasi cha saponini kilibadilika kufuatana na sehemu ya mmea, kama ni jani, shina au tunda, na kufuatana na umri wa mmea.

Maana yake ni nini kwetu? Maana yake ni kwamba mbigili si mmoja. Mtu akikuambia kwamba kidonge cha Bulgaria kilimsaidia fulani, hilo halikuambii lolote juu ya mbigili ulioota nyuma ya nyumba yako. Huwezi kujua kwa macho kikombe kimoja cha maji yake kina saponini kiasi gani.

DAWA HUPIMWAJE?

Kabla ya kutazama matokeo, inafaa tujue dawa hupimwaje. Mkulima ataelewa upesi.

Tuseme bwana shamba amekuletea mbolea mpya. Unaitia katika shamba lako lote, na mwaka huo unavuna vizuri. Je, ni mbolea iliyofanya kazi? Huwezi kujua. Pengine mvua ilikuwa nzuri. Pengine mwaka huo ulipalilia mapema. Ili ujue, unagawa shamba vipande viwili. Kimoja unatia mbolea, kingine hutii. Mbegu ni ile ile, mvua ni ile ile, palizi ni ile ile. Ukivuna, unalinganisha magunia. Hilo ndilo shamba la majaribio.

Dawa nayo hupimwa hivyo. Wagonjwa hugawanywa makundi mawili kwa kura. Kundi moja hupewa dawa. La pili hupewa kidonge kinachofanana na dawa kwa rangi na ukubwa, lakini ndani hakina dawa. Wagonjwa hawaambiwi nani kapata kipi. Hata anayewapima hajui mpaka mwisho.

Kwa nini kuwe na siri hiyo? Kwa sababu binadamu ana jambo moja ambalo mahindi hayana: ana matumaini. Mtu akiamini kwamba amepewa dawa ya nguvu, mara nyingi hupata nafuu kidogo hata kama alipewa unga mtupu. Katika mambo ya chumbani nguvu ya matumaini ni kubwa zaidi, maana wasiwasi peke yake unaweza kumwangusha mwanamume, na kuondoka kwa wasiwasi kunaweza kumwinua. Ndiyo maana ushuhuda wa mtu mmoja sokoni, hata kama anasema kweli, hautoshi.

MATOKEO YAKAWAJE?

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wataalamu wa Bulgaria walitengeneza vidonge vya mbigili wa kwao vikaitwa Tribestan. Wakati huo wanyanyua vyuma wa Bulgaria walikuwa wakishinda ulimwenguni. Habari zikaenea kwamba siri yao ni mbigili, na kwamba mmea huu huongeza testosteroni, yaani homoni ya kiume ambayo mwili hutengeneza wenyewe. Kutoka hapo biashara ikaenea Ulaya na Marekani, na baadaye kwingineko.

Mwaka 2005 watafiti wa Bulgaria yenyewe walitoa matokeo ya jaribio walilofanya kwa vijana 21 wenye afya, wa umri wa miaka 20 hadi 36. Vijana hao waligawanywa makundi matatu ya watu saba saba. Kundi moja lilipewa mbigili kiasi kikubwa, la pili nusu ya kiasi hicho, na la tatu halikupewa. Jaribio lilichukua wiki nne, na damu yao ilipimwa. Matokeo: homoni ya kiume haikuongezeka. Waliokula mbigili na wasiokula walikuwa sawasawa.

Mwaka 2007 yakatoka matokeo ya Australia. Wachezaji 22 wa mchezo wa raga walifanya mazoezi ya nguvu kwa wiki tano. Baadhi yao walipewa miligramu 450 za mbigili kila siku, wengine vidonge vitupu. Wote waliongezeka nguvu na misuli, kwa sababu wote walifanya mazoezi. Waliokula mbigili hawakuwazidi wenzao.

Mwaka 2014 watafiti wa Brazili walitoa matokeo ya wanaume 30 waliokuwa na tatizo lenyewe la kupungukiwa nguvu. Walitumia miligramu 800 kwa siku, au vidonge vitupu, kwa siku 30. Hapakuwa na tofauti kati ya makundi hayo mawili.

Lakini haki itendeke. Mwaka 2017 yalitoka matokeo ya jaribio kubwa zaidi, lililofanyika Bulgaria kwa wanaume 180 wenye tatizo dogo au la wastani. Walitumia Tribestan au vidonge vitupu kwa wiki 12. Safari hii waliopewa mbigili walijibu kwamba wamepata nafuu kuliko wenzao.

Basi tuseme nini? Tuseme yale tuliyonayo mkononi. Dai kwamba mbigili huongeza homoni ya kiume kwa mtu mwenye afya halikuthibitika. Dai kwamba huongeza misuli halikuthibitika. Kuhusu wanaume wenye tatizo, majaribio hayakubaliani: moja linasema hakuna tofauti, jingine linasema ipo kidogo kwa kidonge maalumu kilichopimwa, kutoka mmea wa nchi moja, kwa muda wa miezi mitatu. Hakuna hata moja kati ya majaribio haya linalohusu unga wa kwenye chupa isiyo na jina.

KONDOO WA AFRIKA KUSINI

Sasa tugeukie upande wa pili. Mtu husema: "Ni majani tu, yataniletea madhara gani?" Wafugaji wa Karoo, Afrika Kusini, wana jibu.

Huko kuna ugonjwa wa kondoo unaoitwa geeldikkop, maana yake kichwa kinene cha manjano. Kondoo huvimba uso na masikio, macho na ngozi huwa manjano, na ngozi isiyo na manyoya mengi huungua kwa jua kama iliyomwagiwa maji ya moto. Wengi hufa. Mwaka 1918 daktari wa mifugo Arnold Theiler, aliyeongoza kituo cha utafiti cha Onderstepoort, aliandika juu ya ugonjwa huu na kuuhusisha na mbigili. Mwaka 1991 wataalamu wa huko walionyesha kwamba saponini zilizotolewa katika mbigili, wakizinywesha kondoo, huleta ugonjwa huo huo.

Inakuwaje? Saponini za mbigili zikiingia katika tumbo la kondoo hubadilika, na mwishowe huwa chembe ngumu ndani ya vijia vya nyongo kwenye ini. Vijia huziba. Sasa, kondoo anapokula majani mabichi, rangi ya kijani ya majani huvunjwa tumboni, na mabaki yake hutolewa na ini kupitia nyongo. Njia ikiziba, mabaki hayo hurudi katika damu na kufika kwenye ngozi. Huko hupata mwanga wa jua, na ngozi huungua.

Hatari huwa kubwa zaidi mbigili unaponyauka kwa jua kali baada ya mvua chache. Mfugaji akiona dalili hizi awaondoe kondoo katika malisho hayo, awaweke kivulini, na amwite mtaalamu wa mifugo.

Binadamu si kondoo, na tumbo letu si kama lake. Hatusemi kwamba anayekunywa mbigili atavimba uso. Tunasema tu kwamba mmea huu una nguvu ndani yake, na kitu chenye nguvu kina pande mbili. Mwaka 2010 madaktari wa Iran waliandika habari za kijana wa miaka 28 aliyekuwa na afya njema. Alikunywa maji ya mbigili kwa siku mbili ili ajikinge na mawe ya figo. Alifikishwa hospitali akiwa na degedege, na vipimo vilionyesha kwamba figo na ini lake vimeumia. Alipoacha alipata nafuu. Huyo ni mtu mmoja tu, na wengi hunywa bila kupatwa na hayo. Lakini yeye aliunywa kulinda figo zake, na figo ndizo zilizoumia.

KWA NINI NGUVU HUPUNGUA?

Hapa ndipo penye shabaha ya makala haya. Ndugu msomaji, kupungua kwa nguvu za kiume mara nyingi si ugonjwa wenyewe. Ni dalili. Ni kama moshi unaotoka kwenye paa la nyumba: kuufukuza moshi hakuzimi moto.

Tatizo hili limeenea sana. Katika uchunguzi uliofanyika jimbo la Massachusetts, Marekani, kati ya mwaka 1987 na 1989, wanaume 52 katika kila 100 wenye umri wa miaka 40 hadi 70 walikuwa nalo kwa kiasi fulani, kikubwa au kidogo. Kwa hiyo mwenye tatizo hili asijione peke yake.

Kiungo cha mwanamume husimama kwa kujaa damu. Ili damu ijae, mishipa ya damu lazima ifunguke vizuri, na mishipa ya fahamu lazima ilete ujumbe. Shinikizo la damu, kisukari, mafuta katika damu na sigara huharibu mishipa ya damu. Ni kama mpira wa kumwagilia bustani ulioingia matope: maji yanatoka, lakini hayana kasi. Mishipa ya kiungo hicho ni myembamba kuliko ya moyo, kwa hiyo mara nyingi huziba mapema. Ndiyo maana mwanamume anaweza kuona upungufu miaka kadhaa kabla moyo wake haujaanza kulalamika. Mwili unampigia mbiu mapema.

Kisukari hudhuru zaidi, maana huharibu mishipa ya damu na mishipa ya fahamu pamoja. Huanza mbali, kwenye nyayo. Nyayo hufa ganzi.

Na hapa mbigili unarudi, lakini kwa namna nyingine. Ulipokuwa kijana, mbigili ulikuchoma na ukaruka. Je, siku hizi ukichomwa unasikia? Au unafika nyumbani, unavua kandambili, unakuta mwiba umezama na damu imekauka, wala hukujua ulichomwa wapi? Kama ni hivyo, mwiba huo umekupa habari muhimu kuliko unga wowote wa sokoni. Umekuambia uende ukapime sukari.

Mambo mengine yanayopunguza nguvu ni pombe nyingi, uchovu, huzuni, ugomvi wa nyumbani, na baadhi ya dawa za hospitali. Kama umeona mabadiliko baada ya kuanza dawa fulani, usiiache kwa siri. Mwambie mganga wa zahanati, atakubadilishia.

MAZUNGUMZO YA GULIONI

Fikiri uko gulioni. Mwuzaji wa dawa anakuita kwa sauti ya chini.

"Shikamoo mzee. Njoo huku pembeni nikuonyeshe kitu. Dawa ya asili tupu, haina kemikali. Nusu saa tu, utanishukuru."

"Marahaba. Imetengenezwa na nani?"

"Mzee wangu, hayo ya nini? Wewe jaribu."

Neno la kukushtua hapo ni "nusu saa". Mitishamba haina kawaida ya kufanya kazi hiyo kwa nusu saa. Katika nchi mbalimbali wakaguzi wa dawa wamekamata bidhaa zinazoitwa za asili, na walipozipima wakakuta ndani zimetiwa sildenafili. Hii ni dawa ya hospitali, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998 kwa tatizo hili. Ni dawa nzuri ikiandikwa na daktari. Lakini mgonjwa wa moyo anayetumia dawa za naitreti za kutuliza maumivu ya kifua akiinywa bila kujua, shinikizo lake la damu linaweza kushuka ghafla mno, hata akapoteza maisha. Mgonjwa huyo hakudanganywa fedha tu. Alitegewa mtego.

UFANYE NINI?

1. Nenda zahanati au kituo cha afya. Omba upimwe shinikizo la damu. Likiwa 140 kwa 90 au zaidi, na likabaki hivyo ukipimwa siku nyingine, unahitaji matibabu.

2. Omba upimwe sukari kabla hujala kitu asubuhi. Kipimo kikiwa 7.0 au zaidi, hupimwa tena ili kuhakikisha kama ni kisukari.

3. Mwambie mganga ukweli. Si wewe wa kwanza kumwambia. Kama unaona haya, sema hivi tu: "Nimekuja pia kwa ajili ya mambo ya chumbani." Ataelewa.

4. Zungumza na mwenzako nyumbani. Mke asiyeambiwa hufikiri kwamba hapendwi tena, au kwamba kuna mwingine. Ugomvi huanzia hapo, na ugomvi huzidisha tatizo.

5. Acha sigara. Punguza pombe. Usiache kutembea na kufanya kazi za mwili.

6. Kama umekwisha kutumia mbigili au mitishamba mingine, mtajie mganga. Usichanganye na dawa za kisukari au za shinikizo la damu kwa siri. Mwenye ugonjwa wa figo au ini, na mama mjamzito au anayenyonyesha, wasiutumie kabisa.

7. Usinunue dawa isiyo na jina la aliyeitengeneza. Tanzania ina sheria ya tiba asili, Sheria Na. 23 ya mwaka 2002, na lipo Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala linalosajili waganga na dawa zao. Mwulize mwuzaji kama amesajiliwa. Aliyesajiliwa hatakasirika kuulizwa.

8. Vaa viatu. Mbigili ukikuchoma, chomoa mwiba wote, osha jeraha kwa maji safi na sabuni, na uliza zahanati kuhusu chanjo ya pepopunda. Akina mama wengi huipata wakati wa ujauzito; wanaume wengi hawaipati nafasi hiyo. Mwenye kisukari akague nyayo zake kila jioni, au mtoto amsaidie kuzitazama.

TUSIDHARAU, TUSIAMINI TU

Hatuandiki haya kudharau dawa za asili. Nchi yetu ilianzisha kitengo cha kuchunguza dawa hizo mwaka 1974, ambacho leo ni Taasisi ya Tiba Asili huko Muhimbili. Mtu hachunguzi kitu anachokidharau. Mbigili nao huenda siku moja ukatoa dawa ya kweli, ikiwa na kipimo chake na tahadhari zake. Siku hiyo tutaandika hapa.

Kwa sasa tumeona kwamba mmea huu umesifiwa kupita ushahidi uliopo, kwamba unaweza kudhuru, na kwamba mwanamume anayekunywa unga wake gizani anaweza kuwa anaficha kisukari au ugonjwa wa moyo ambao ungegunduliwa kwa kipimo cha dakika chache. Fedha inaweza kutafutwa tena. Miaka iliyopotea bila matibabu hairudi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini mkulima hugawa shamba la majaribio vipande viwili? Jambo hilo linahusianaje na kupima dawa?

2. Taja magonjwa mawili yanayoweza kupunguza nguvu za kiume. Katika kijiji chenu hupimwa wapi?

3. Mtu anasema, "Dawa ya asili haiwezi kudhuru." Mtamjibu nini?

4. Ni nani kati yenu aliyekwisha kupimwa shinikizo la damu mwaka huu? Ambao hawajapimwa, pangeni siku ya kwenda pamoja.